Ngoma Iliyozidisha Watatu

Jumamosi moja, wiki tatu kabla ya uchaguzi wa mlolongo, Nyongesa alipanda baiskeli kutoka Huruma mpaka Cheptiret kununua ngoma. Alikuwa fundi wa ngoma za bendi, zile ndogo za bati zinazovaliwa kwa mkanda begani, zenye nyaya chini zinazozifanya zilie kwa mkwaruzo. Mpya hakuziweza. Alinunua mbovu, akazirekebisha, akayauzia makanisa.

Wanyoike, aliyeuza vitu kuukuu kando ya barabara, alimtolea moja iliyopauka rangi.

"Mbona hii ni rahisi hivi?" Nyongesa akauliza.

"Imepasuka juu, nyaya zimekatika, na kuna wakati inalia yenyewe."

"Kulia si neno. Hiyo ya kupasuka ndiyo kazi."

Wakakubaliana bei ya kuku wawili.

Nyumbani alibandua plastiki iliyopasuka, akawamba ngozi ya mbuzi aliyoiparua kwa kigae cha chupa hadi ikapitisha mwanga. Alifumua waya wa breki ya baiskeli, akapata nyuzi kumi na mbili, akazilehemu kwenye vipande viwili vya mkebe. Kisha akapiga tupa ukingo wa chini, pande mbili, ili nyuzi zilale sawasawa. Alipomaliza aliianika mlangoni.

Mkewe, Perez, aliyekuwa akigombea udiwani, alikuwa kwenye foleni ya bomba mbele ya nyumba pamoja na kina mama wengine. Ngoma ikaanza kupiga yenyewe, polepole, mara arobaini na moja. Jirani yao Nasike alipofika na mtungi wake, ikaongeza moja.

"Inatuhesabu," Perez akasema.

"Nyaya nimezikaza sana."

"Usizilegeze. Afadhali kuwe na mtu anayejua tuko wangapi."

Siku ya uchaguzi kina mama wa kwaya walimsindikiza Perez mpaka uwanjani, Nyongesa mbele yao akipiga ngoma hiyo. Watu wakajipanga nyuma ya wagombea. Foleni ya Perez ilipita lango, ikazunguka ua, ikafika kinu cha posho. Ile ya mpinzani wake, tajiri mwenye malori ya mahindi, ilikuwa fupi, na wengi wao walikuwa madereva na matanboi wake wa kupakia mizigo.

Nyongesa aliweka ngoma chini. Ikapiga mara mia tatu sabini na mbili, ikapumzika kidogo, ikapiga hamsini na nane. Msimamizi wa uchaguzi alisubiri imalize huku akiandika. Uwanja mzima ulikuwa ukihesabu.

"Asante," msimamizi akaiambia ngoma. Kisha akatangaza kwamba mwenye malori amepata mia tatu sabini na mbili, na Perez hamsini na nane.

"Umegeuza, bwana," Perez akasema.

"Mama, hesabu si ni hiyo hiyo?"

"Hesabu ni hiyo. Watu ndio si hao."

Wanaume wawili walimuunga mkono kwa sauti. Kufikia saa tisa wote watatu walikuwa nyuma ya Land Rover ya polisi, na ngoma pia, kama kielelezo.

Kituoni Nyongesa aliambiwa hakuna mtu kama huyo. Koplo wa zamu alimgeuzia kitabu ajisomee, na kweli jina la Perez halikuwemo. Nyongesa alirudi kesho yake, na kesho kutwa. Kila siku alibeba ugali na mboga, kila siku akarudi nao. Nyumbani alianza kuwamba ngozi ya ngoma nyingine, akaisahau juani mpaka ikajikunja kama chapati iliyoungua.

Siku ya kumi na mbili askari alikuja kumwita. Hakuitwa kwa ajili ya Perez.

"Ile ngoma yako imeharibika," askari alisema. "Kila asubuhi tukiita majina ya mahabusu, inazidisha watatu. Mkubwa anataka uirekebishe."

Nyongesa alichukua bisibisi na koleo. Aliikuta ngoma juu ya kabati la faili. Akalegeza nyaya, akazikaza upya, akapangusa vumbi.

"Tujaribu," akasema.

Koplo akasoma majina kumi na moja, akafunga kitabu. Ngoma ikaanza. Nyongesa aliihesabu, midomo ikimcheza. Ilipofika kumi na moja alishika ukingo wa meza.

Kumi na mbili. Kumi na tatu. Kumi na nne.

Akavuta pumzi.

"Bado," koplo akasema.

"Ni baridi ya hapa. Inavuta ngozi."

"Itapona?"

"Inataka kuangaliwa. Nikija kila Jumanne nitajua hali yake."

Koplo alifikiri kidogo, akasema hakuna shida. Akachukua kalamu akaandika kumi na moja.

Nyongesa alikwenda Jumanne iliyofuata, na zilizofuata hiyo, mpaka mvua kubwa ikaanza. Mara mahabusu walikuwa tisa, mara kumi na watano, na kila mara ngoma ilizidisha watatu. Koplo aliandika wale wa kitabuni, akampa Nyongesa chai kwenye kikombe cha bati, na wote wawili wakakubaliana kwamba ngozi ya mbuzi ina kawaida ya kuchelewa kuzoea mahali.