Kitabu Asichowahi Kukisoma

Mimi ni fundi cherehani, na mdomo wangu hauna breki. Daktari wa macho aliposema mtoto wa kaka yangu atapofuka kabisa kabla ya mwaka kwisha, dawa hakuna na miwani haisaidii, mimi ndiye niliyeropoka pale pale, "Usijali mwanangu, vitabu nitakusomea mimi." Mimi, niliyeacha shule darasa la tatu. Mama yake hatunaye, baba yake dereva wa malori, nyumbani anakuja kama mgeni. Sasa nani mwingine angesema?

Mtoto ana miaka kumi na mmoja na vitabu kwake ni chakula. Si vile vya picha, ni vile vinene vya sura ishirini, herufi kama sisimizi. Zamani ukimtuma chumvi anakuletea sukari, akili yote iko kwenye ukurasa. Nilikuwa namgombeza, Mungu anisamehe.

Basi tukaanza wakati macho bado yanafifia. Kila jioni nikifunga kazi, anakaa kwenye kigoda karibu na cherehani, nami natandaza futi yangu ya kupimia nguo chini ya mstari nisipotee. Nilisoma kama mtu anayetembea na kiatu kimoja. Nikikwama, yeye ananidokezea, "Nadhani ni 'alighadhibika', shangazi," na kweli ndilo. Tukamaliza kitabu cha kwanza, cha pili, cha tatu. Kichwa kikanivimba. Nikawatambia wateja kwamba siku hizi nasoma riwaya, mmoja akaniuliza gauni lake nitalimaliza sura ya ngapi.

Mwezi uliopita macho yakazimika kabisa. Mwalimu wa maktaba akanipa kitabu kipya, kimefika shuleni wiki hiyo hiyo, hakuna mtoto aliyekigusa. Nikakifungua kwa mbwembwe. Mstari wa pili nikakwama. Nikangoja anidokezee.

"Nisaidie basi, mwanangu."

"Hilo silijui, shangazi. Hiki sijawahi kukisoma."

"Na vile vingine?"

Akainamisha kichwa. "Vile nilikuwa nimevihifadhi kichwani. Nilikuchagulia vile makusudi, ili tusikwame."

Nilikasirika, tena sana, kisha nikaona aibu, na hata sikujua namkasirikia nani. Nikajitutumua. Siku nne nzima, jasho linanitoka, kurasa tatu. Nikifika mwisho wa sentensi, mwanzo wake umeshanitoka, na yeye vilevile. Hakulalamika hata mara moja, na hilo ndilo lililonikata maini.

Siku ya tano nikamvutia kigoda chake. Akaweka mkono juu ya kitabu kabla sijakifungua.

"Shangazi, muulize tu mwalimu kinaishaje."

Huyu ni mtoto ambaye zamani ukimwambia mwisho wa kitabu anakununia siku mbili. Nilitaka kumbishia. Nikaishia kuikunja futi yangu.

Kesho yake nikakirudisha kitabu shuleni. Mwalimu akanisimulia mwisho wake, nami njia nzima nikawa naurudia kimoyomoyo nisije nikausahau. Nilimkuta mtoto amekaa mlangoni. Nikamwambia kwamba yule msichana wa kitabuni anampata kaka yake, ila kaka mwenyewe hamkumbuki tena, na wanarudi nyumbani hivyo hivyo.

Akaniuliza, "Basi?"

"Basi. Ndiyo mwisho."

"Asante, shangazi," akasema, akaninyooshea mkono nimwongoze ndani.