Treni ya Mji Usio na Reli

Bagamoyo hatuna reli. Watu walinikumbusha jambo hilo mwezi mzima wa Ramadhani, kana kwamba mimi sikuzaliwa hapa. Wakipita mbele ya banda letu na kunikuta napiga randa, lazima mmoja aulize, "Sihaba, inaondoka saa ngapi kwenda Kigoma?"

Nami namjibu, "Kata tiketi kwanza."

Lakini treni zilikuwepo. Babu yangu, Bwanaheri, aliziunda humu humu bandani: kichwa cha mbao na bati, bomba la moshi lisilotoa moshi, na mabehewa matatu nyuma yake. Hazikuhitaji reli. Siku za Idi zilipelekwa uwanjani, wanaume wawili wakasukuma kwa nyuma, na watoto ndani ya nguo zao mpya wakazungushwa huku wanapiga kelele mpaka sauti zinawakauka. Mlingotini waliagiza yao, Saadani yao, hata Pangani. Kisha yakaja kutoka Dar yale majumba ya mpira ya kujaza upepo, watoto wakahamia huko kuruka, na maagizo yakakatika. Babu alipofariki banda likafungwa. Ndani ilibaki treni moja, ya mwisho, wamelala popo.

Mwezi wa Shaabani alikuja Ami Abdulswamad, mtoto mkubwa wa Babu, na tepu mkononi. Akapima ukuta, akapima mlango.

"Hapa zinakaa fremu tatu za maduka," akasema.

"Na karakana?" akauliza Bibi Mwanamkasi, mama yake.

"Karakana gani, Mama? Kiwanda kikifa kimekufa. Umeona wapi kiwanda kikafufuka? Watoto wa siku hizi wanaijua treni ya umeme, watapanda gogo?"

Mimi nilikuwa nimesimama na ufagio. Huwa sisemi haraka. Nikasema, "Ami, Idi hii treni ikizunguka uwanja, utavunja?"

Akacheka. "Ikizunguka uwanja mzima bila kubebwa kama jeneza, sivunji. Isipozunguka, Idi ikiisha tu naleta mafundi na nyundo zao."

"Mungu shahidi," akasema Bibi.

Nilipoitoa treni nje niisafishe, nikaona aibu. Kila ekseli ilikuwa na gurudumu kubwa upande wa kulia na dogo upande wa kushoto. Mabehewa yote yameinama kama mtu aliyebeba ndoo ya maji kwa mkono mmoja. Nikajisemea, maskini Babu, mwisho mwisho macho yalikuwa yamekwisha, au mbao zilimpungukia. Sikumuuliza Bibi. Kwetu aibu ya maiti haitangazwi, hufunikwa, tena hufunikwa na wa nyumbani kwake. Nikamwita Mikdad, kijana anayechomelea vyuma jirani yetu, tukayakata magurudumu makubwa yote yakalingana na madogo. Treni ikasimama wima. Nilifurahi siku ile, nikaona nimemsitiri babu yangu.

Tukaijaribu uwanjani katikati ya mfungo, baada ya alasiri. Mikdad na mwenzake wakasukuma. Nikangoja ikunje kushoto kama nilivyoiona utotoni. Haikukunja. Ilinyooka kama mshale, watu wakaikimbia, ikaenda kuparamia meza ya Bi Mgeni aliyekuwa anapanga bajia zake.

"Jamani!" akapiga ukelele Bi Mgeni. "Treni imefuturu kabla ya adhana!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Ami alikuwepo, amesimama pembeni na kanzu yake. Yeye hakucheka. Akanifuata taratibu akaniambia, "Mwanangu, umejitahidi. Mwache Baba apumzike." Maneno yake ya upole yaliniuma kuliko bajia zile zote nilizookota mchangani.

Jioni tukakaa mkekani kufuturu, mimi na Bibi. Bibi akafunua sahani ya mihogo, akaliweka kawa lililoifunika pembeni kwa ubavu. Kawa likabiringika. Mnajua kawa lilivyo, huku kipenyo kipana, kule ncha. Likaenda, likakunja, likaizunguka sahani, likarudi likamgonga Bibi gotini.

Tende ikanikwama mkononi.

"Bibi," nikasema, "yale magurudumu ya treni, kubwa huku na dogo huku, Babu alikosea?"

"Alikosea nini? Alikuwa anayapima makusudi. Kubwa linakwenda mbali, dogo linakwenda karibu, basi treni inazunguka yenyewe, msukumaji ni kusukuma tu." Akanitazama. "Kwa nini waniuliza?"

"Nimeyakata."

"Umeyakata!" Bibi akajipiga paja. "Mke mwenza, wewe! Mimi si nipo hapa hapa? Ulishindwa nini kuniuliza?"

"Nilikuwa namsitiri marehemu."

"Marehemu husitiriwa dhambi," akasema Bibi. "Hasitiriwi ufundi."

Nililia kidogo, kisha nikala mihogo, maana mbao iliyokatwa haioti. Asubuhi nikaenda kwa Mikdad.

"Tunaunda mapya," nikamwambia.

"Dada Sihaba, kutengeneza ni kitu kimoja. Kuunda gurudumu ni kitu kingine. Nani anajua?"

"Hakuna. Ndiyo maana tunaanza leo."

Nilipata mbao za mkongo kutoka Makurunge. Nilizikata, nikaziunga, nikaziranda na saumu yangu, koo kavu kama jivu. La kwanza likapasuka. La pili likawa kama yai. Mikdad akaliviringisha njiani, likaenda linaruka ruka, akasema hilo tumpe adui yetu. Nikalitupa jikoni nikaanza jingine. Bibi alikaa karibu na kazi yake ilikuwa kukataa tu. "Bado," anasema. "Bado." Siku aliposema, "Hilo nalijua," nilitaka kumkumbatia, lakini nilikuwa nimejaa vumbi la mbao.

Tulihesabu mfungo thelathini. Mwezi ukaandama ishirini na tisa. Takbiri zinasikika msikitini, na sisi magurudumu mawili hayajavishwa pete za chuma. Asubuhi watu wanatoka kuswali Idi, mimi nina gauni jipya na juu yake kanga ya kazini, Mikdad kanzu ameifunga kiunoni, tunagonga chuma. Wapitao wanatupa mkono wa Idi kwa mbali, wanaogopa cheche.

Alasiri treni ikaingia uwanjani.

"Bi Mgeni, hamisha meza!" mtu akapiga kelele.

"Sihami," akajibu Bi Mgeni. "Nataka nione ikija."

Watoto walisita. Nikaingia behewa la kwanza mwenyewe, nikakaa kwenye kibao cha watoto, magoti yamefika kidevuni. Wakanicheka, wakapanda. Mikdad na mwenzake wakasukuma. Treni ikalalama, ikanyooka kidogo, kisha kichwa kikaanza kuinamia kushoto polepole, mabehewa yakakifuata. Tukapita mbele ya meza ya Bi Mgeni. Tukapita majumba ya mpira. Tukarudi pale pale tulipoanzia. Watoto wakapiga kelele ile niliyoijua. Wengine wakaja mbio kutoka kwenye majumba yale na miguu mitupu.

Aliposimama Ami mbele yangu, nilishuka nikampa mkono wa Idi.

"Imezunguka," nikasema.

"Imezunguka. Lakini hii treni ni ya Baba, Sihaba. Mmemwamsha maiti akatembea. Bado si kiwanda. Mafundi nimeshawaambia Jumatatu."

"Ami, ulisema mbele ya Bibi. Mungu shahidi."

 Akageuka akaondoka. Ndipo nikashikwa bega na mwanamke nisiyemjua, baadaye nikaambiwa ni Bi Mwanabaraka wa Mlingotini, anayepanga michezo ya Idi kwao.

"Mnaunda?" akaniuliza. "Au mna hii moja tu?"

Nikamtazama Ami mgongoni, nikaongeza sauti. "Tunaunda!"

Jumatatu Ami alikuja na tepu yake na mafundi wawili, nyundo begani. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda katikati ya mlango. Mbele yake moto, na ndani ya moto pete ya gurudumu la kwanza la treni waliyoagiza Mlingotini, imeiva nyekundu.

"Mama, tupishe," akasema Ami.

"Nimekaa."

"Shikamoo, Ami," nikasema. "Pisha kidogo, chuma kinapita."

Mimi na Mikdad tukainyanyua pete kwa koleo, tukaishusha juu ya gurudumu, tukaanza kuigonga iingie. Hapo hakuna mchezo. Pete ikishaingia inataka maji saa ile ile ili ikaze, ukichelewa mbao inaungua na kazi yote imepotea. Kazi ya kumwaga maji ilikuwa ya Bibi, ndoo iko miguuni pake. Bibi hakuinuka. Sisi mikono yote minne iko kazini, moshi umeanza kutoka, mweupe, kisha mweusi.

Ami sikumwomba. Naapa sikumwomba. Nilimwona tu Ami anautazama ule moshi, midomo inamcheza. Mtoto wa fundi ni mtoto wa fundi. Akaitupa tepu, akaikamata ndoo, akamwaga. Chuma kikapiga mluzi, mvuke ukatufunika sote.

"Bosi," akauliza fundi mmoja, "tunavunja au hatuvunji?"

"Subiri!" akafoka Ami. Akanigeukia, kanzu imelowa. "Hili halina maana yoyote, Sihaba. Umenisikia?"

"Nimekusikia, Ami," nikasema. "Mwaga na upande huu."

Akamwaga.