Jamani, Shukeni Basi

Nyapara alikuwa akichagua watu kwa kutazama viganja. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, watu hamsini na kitu walisimama kando ya ukuta wa shamba la machungwa, kila mmoja amenyoosha mikono mbele kama watoto wa shule wanaokaguliwa kucha, naye akapita na kalamu sikioni, akigusa hiki, akigeuza kile. Mwenye sugu aliingia. Asiye na sugu alirudi nyumbani.

Binti wa fundi saa alikuwa amerudi nyumbani siku mbili mfululizo. Alikuwa na miaka ishirini na miwili na cheti cha uhazili, na tangu akipate cheti hicho alikuwa ameandika barua za kuomba kazi mpaka kidole cha kati kikapinda. Majibu yaliyorudi yalikuwa matatu, na yote matatu yalimtakia kila la heri. Baba yake bado alifungua kibanda kila siku na kukaa na kioo chake jichoni, lakini watu siku hizi hutazama saa kwenye simu, na simu ikiharibika hawampelekei fundi saa. Ndiyo maana binti, aliposikia kwamba msimu wa kuchuma umeanza, hakuuliza kazi ni ya namna gani. Aliuliza lango liko upande gani.

Siku ya tatu alisugua viganja kwenye kizingiti cha saruji mpaka vikawaka moto.

"Hivi vimechubuka," Nyapara akasema, akavitazama kwa karibu. "Sugu haiji kwa siku moja, dada. Nenda kapumzike."

"Huyo ni wangu," ikasema sauti nyuma yake. "Mtoto wa dada yangu. Atakaa kwenye mstari wangu mpaka azoee."

Hakuwa mtoto wa dada yake. Hawakuwa wamewahi kuonana. Mama huyo aliitwa Mama Pacha, kwa sababu alikuwa amezaa pacha mara mbili, na alikuwa na misimu tisa ndani ya shamba lile. Nyapara hakupenda kubishana naye maana alikuwa anashindwa kila mara. Akatikisa kalamu, na binti akaingia.

Kazi yenyewe ilikuwa na adabu zake. Chungwa halivutwi, hukatwa kikonyo kwa mkasi. Kikonyo kikibaki kirefu, kinamchoma mwenzake ndani ya kreti. Kikikatwa kwenye ngozi, chungwa linaoza kabla halijafika sokoni. Ngazi ilikuwa nzito kuliko binti, mfuko wa begani ulimvuta upande mmoja kama mtu anayemdai, na miti ilikuwa na miiba ambayo hakuna aliyemwambia habari zake. Ilipofika saa sita alikuwa amejaza makreti mawili. Mama Pacha alikuwa amejaza tisa na alikuwa anaimba.

"Karani," Nyapara akamwambia alipopita, na jina hilo likamganda papo hapo, "hapa hatupigi chapa. Jioni ikikukuta hujafikisha kumi, kesho lala tu."

Saa nane ngazi iliteleza. Karani hakuanguka, ila alishuka haraka kuliko alivyopanga, na mwiba ukamchana kuanzia kiwiko hadi kifundo cha mkono. Akasimama chini ya mti, akautazama. Machungwa yalikuwa yametulia huko juu kama wageni ambao chakula kimeshaandaliwa na bado wanazungumza sebuleni. Hakukasirika kwa kelele. Alikuwa amechoka hata kukasirika.

"Jamani," akayaambia, "shukeni basi."

Machungwa yakashuka. Yalishuka moja moja, makubwa kwanza, bila kusukumana. Kila moja lilijikata kwenye tawi na kubaki na kikonyo kifupi cha kupendeza, likapita hewani taratibu, likaingia ndani ya kreti na kusogea pembeni kumpisha mwenzake. Yale mabichi yalibaki juu. Kreti la kwanza lilipojaa, yaliyofuata yaliingia kwenye la pili. Mti mzima ulichukua muda wa mtu kunywa kikombe cha chai, kama haina moto sana.

Mchumaji wa mstari wa jirani alikuwa amesimama ngazini akitazama.

"Ukimaliza huo," akasema, "uambie na huu wangu. Goti linaniuma."

Mama Pacha alishuka, akaokota chungwa moja ndani ya kreti, akakagua kikonyo, akalirudisha.

"Kazi safi," akasema. "Lakini sema polepole, mwanangu. Wakijua ni rahisi watasema si kazi."

Nyapara alipofika jioni alikuta makreti thelathini na moja. Aliyatazama, kisha akamtazama Karani aliyekuwa amekaa juu ya kreti tupu.

"Ngazi yako iko wapi?"

"Iko pale. Sikuihitaji."

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," Nyapara akasema, "na mtaka cha juu sharti apande. Mchumaji haonekani shambani bila ngazi. Ni kanuni."

Kwa hiyo kuanzia kesho yake Karani alifanya kazi akiwa amesimama kwenye kidato cha tatu cha ngazi, mkasi mkononi, akizungumza na machungwa yaliyompita kando ya uso yakielekea chini. Na kwa kuwa hakuwa mchoyo, hakuishia kwenye mstari wake. Aliiambia miti ya jirani mwenye goti, miti ya mama mjamzito aliyekuwa akipanda ngazi kwa kupumzika kila hatua, na miti ya Mama Pacha, ambaye alikataa siku ya kwanza na kukubali siku ya pili. Kwa siku nne kila mtu alimaliza kazi saa saba. Walikaa kivulini wakasukana nywele, wakacheka mpaka Nyapara akawa anauliza kuna nini. Mama mjamzito alisema tangu mimba iingie hajawahi kulala mchana, na akalala. Karani, ambaye katika miaka miwili hakuwa amefaa kwa mtu yeyote ila kwa kuchota maji nyumbani, alirudi kwa baba yake akitembea kama mtu mwenye anwani.

Siku ya tano Meneja alikuja. Alikuwa mtu mpole, mwenye viatu vya kahawia ambavyo havikushika vumbi. Alisimama chini ya mti, mikono mfukoni, akatazama machungwa yakishuka. Moja lilimkwepa kwa adabu.

"Yanasikia kutoka umbali gani?" akauliza.

"Sijapima," Karani akasema.

"Tupime."

Wakapima. Karani alisimama kwenye njia panda katikati ya shamba, akasema maneno yake kwa sauti ileile ya uchovu ya siku ya kwanza, bila kuipaza, na Nyapara akapiga simu kutoka ukuta wa mwisho kusema kwamba huko nako yanashuka. Meneja alimwomba aseme tena, mara mbili, akiwa ameishika simu yake karibu na mdomo wa Karani. "Kwa kumbukumbu za ofisi," akasema, akamshukuru.

Jumatatu asubuhi Nyapara hakutazama kiganja cha mtu. Alisimama langoni akasema kazi imepungua, wanahitajika watu watano tu wa kupanga makreti, majina yatatolewa baadaye, na Karani aingie. Watu arobaini na tisa wakabaki nje. Mtu mmoja akasema, wala si kwa ubaya, kama anayesoma kibao cha dukani, "Mchuma janga hula na wa kwao." Mama mjamzito aliketi chini kwa sababu miguu ilikuwa imevimba. Karani alimtafuta Mama Pacha kwa macho, na Mama Pacha akawa anafunga kanga yake upya kiunoni, anaifungua, anaifunga.

Karani alikwenda moja kwa moja ofisini.

"Wale ndio walionifundisha kazi," akasema.

"Nimesikia," Meneja akasema. "Na umefundishika vizuri."

"Kama wao hawaingii, mimi sisemi."

Meneja akauliza, kwa upole uleule, "Uliajiriwa kuchuma au kuajiri?"

Karani alienda kusimama njia panda, akafunga mdomo. Jua likapanda. Machungwa yakamsubiri, na baadhi ya yale yaliyoiva sana yakaanza kujitikisa kwa kukosa subira. Saa tatu Nyapara alikuja na ngazi, akaiegemeza kwenye nguzo ya umeme, akapanda, akafunga pale juu spika ya kutangazia, ile yenye mdomo kama tarumbeta. Akashuka, akabonyeza kitu kwenye simu.

"Jamani, shukeni basi," ikasema spika.

Ilikuwa sauti ya Karani, na haikupungua kitu. Hata mkwaruzo wa koo mwishoni ulikuwepo. Machungwa yakashuka, makubwa kwanza.

"Meneja anasema asante," Nyapara akamwambia, akikunja waya. Kisha, bila kumtazama: "Mimi ni mtu wa kutumwa tu, Karani."

Kesho yake Karani aliamka mapema, akaenda kusimama nje ya ukuta, mahali matofali yalipoporomoka na kuzibwa kwa waya. Wenzake wengi walikuwepo, kwani hawakuwa na pengine pa kwenda saa hiyo. Spika iliposema neno lake, machungwa yakaanza safari. Karani akashika waya kwa mikono miwili, akapaza sauti.

"Msishuke! Bakini hapo hapo!"

Machungwa yakasimama. Yalisimama pale yalipofika, mengine karibu na matawi, mengine kiunoni mwa hewa, mamia kwa mamia, yakatulia. Watu wa nje wakapiga makofi. Spika ikasema, jamani, shukeni basi. Machungwa yakashuka kidogo. Karani akasema, bakini. Yakabaki. Yalikuwa yakimtii aliyesema mwisho, na hayakuwa na sababu ya kujua kwamba ni watu wawili, kwa kuwa hawakuwa wawili.

Iliendelea hivyo asubuhi nzima. Wenzake walijaribu kumpokea. Walipanga zamu, wakapiga kelele mmoja mmoja na wote kwa pamoja, jirani mwenye goti akatukana kabisa, lakini machungwa hayakusikia sauti nyingine. Mama mjamzito alimletea Karani maji ndani ya chupa. Saa tano sauti yake ilianza kupasuka. Saa sita ilikuwa imebaki nusu. Spika haikukohoa hata mara moja; kila baada ya dakika mbili iliyaomba machungwa kwa upole na uchovu wa siku ile ya kwanza, mkono ukiwa unavuja damu, uchovu ambao Karani mwenyewe hakuwa nao tena, maana sasa alikuwa na mwingine.

Saa saba Mama Pacha alikuja kwenye waya. Alikuja kutoka upande wa ndani.

Alikuwa amevaa aproni ya wapanga makreti. Majina matano yalitolewa jana mchana, na Nyapara alikuwa amelitaja lake kwanza. Walitazamana.

"Mwanangu," Mama Pacha akasema, "nisikilize bila hasira. Tuko watano mle ndani. Haturuhusiwi kuondoka mpaka la mwisho liingie kwenye kreti. Ukiyazuia hayarudi mtini, yanakaa tu hewani, na sisi tunakaa nayo. Jana, hata bila kuzuiwa, tumetoka usiku. Wadogo walilala bila kuniona." Akashusha pumzi. "Wanne wale, mwanangu. Na mimi peke yangu."

Karani akatazama nyuma. Wenzake walikuwa wakitazama pembeni, kila mmoja upande wake, kama watu wanaosikia ugomvi wa mke na mume wa jirani.

"Nilikuingiza mimi kwenye lango hili," Mama Pacha akasema. "Sikudai. Naomba tu."

Karani akaachia waya. Viganja vilikuwa na alama zake, mistari miwili miwili. Nyuma ya ukuta spika ikasema maneno yake, na safari hii hakuna aliyeyajibu. Yakasikika machungwa yakiingia kwenye makreti, mengi kwa pamoja, kama mvua ya kwanza juu ya mchanga. Mama Pacha alikuwa ameshageuka, anakimbia kidogo, mkono mmoja ameshika aproni isimkwaze.

Wiki mbili Karani alikaa nyumbani hadi koo likapona. Baba yake alimkatia limau, akamwambia kuna shamba la nyanya upande wa pili wa mto, wanachukua watu Jumatano. Jumatano akavuka daraja, akafika kabla ya jua. Foleni haikuwepo. Langoni alikuwepo nyapara mmoja tu, kijana wa rika lake, ameketi juu ya kreti akinywa chai.

"Kazi ya kuchuma imejaa?" Karani akauliza.

Kijana akainua uso haraka aliposikia ile sauti, akaweka kikombe chini.

"Ni wewe!" akasema. Alifurahi kwa dhati. "Ni wewe wa spika. Tulipewa na wenzetu wa machungwa, ni majirani wema. Nyanya zinaelewa vizuri tu, ila za bondeni asubuhi ni nzito kusikia." Akasimama, akapangusa simu kwenye suruali, akamsogezea mdomoni. "Hebu sema tena, kwa nguvu kidogo, turekodi upya. Dakika moja."

"Kwa kazi gani?"

"Hakuna kazi, dada," akasema kijana. "Ni msaada tu."

Karani akamwambia koo linamuuma. Kijana akasema si kitu, akampa pole, akaenda kuongeza sauti ya spika.