Wa Kunichukua Saa Kumi

Daktari alinieleza vizuri, sina ugomvi naye. Upasuaji huondoa uvimbe. Mionzi huchoma pale pale ulipokuwa. Dawa ya dripu huzunguka mwili mzima kusaka chembe za saratani zilizotoroka. Mimi ni fundi cherehani, nikaelewa kwa lugha yangu: kukata, kupiga pasi, halafu kufua gauni zima kwa ajili ya doa moja. Alicheka sana. Titi langu lilikwisha kukatwa. Sasa ilikuwa zamu ya dripu, mizunguko sita, kila baada ya wiki tatu.

Kilichonishinda ni fomu. "Jina na simu ya msindikizaji." Dawa ile humlegeza mtu, kwa hiyo asiye na wa kumchukua hatundikiwi dripu, anarudishwa nyumbani na ugonjwa wake. Mume nilimzika, mtoto sikujaaliwa, na mdogo wangu wa kiume alisema ana shughuli nyingi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nikaandika "dada", na namba ya laini yangu ya pili. Fundi kusema uongo si habari. "Njoo kesho" yangu inajulikana mtaa mzima.

Majibu ya damu yalitoka mazuri, chembe nyeupe zinatosha. Nesi, binti asiye na mzaha, akanikalisha kwenye kiti na kunitafuta mshipa, akaupata mara ya pili. Kila kiti kilikuwa na mtu pembeni. Mama anamenya chungwa, mume kapakata viatu vya mkewe. Pembeni yangu palikuwa na mkoba. Iliniuma, sifichi.

Kabla ya kufungulia dawa, nesi alikwenda mezani kwake akapiga simu, amenipa mgongo. Mkoba wangu ukaita. Nikatoa simu, nikapokea.

"Haloo. Wewe ni nani wake mgonjwa?"

"Dada yake," nikasema.

Alinisikia kwa masikio yote mawili. Akageuka, simu ingali sikioni. Nikainamisha macho, nikingoja kufukuzwa.

"Haya, dada," akasema polepole, kwenye simu. "Mgonjwa wako anamaliza saa kumi. Usichelewe, tafadhali."

"Sitachelewa."

Akakata simu, akaja kufungulia dripu bila kuniuliza kitu.

Saa kumi kamili nilivaa viatu, nikachukua mkoba wangu na dada yangu ndani yake, tukaenda nyumbani.