Kabla ya Tanuri, Baada ya Tanuri

Mwulize fundi yeyote wa mji wa Mackay, atakuambia: ufa wa kumpita Reno Zarb haujazaliwa. Kwa miaka ishirini na tisa alikuwa akikagua mishono ya kuchomelea kwenye boila za viwanda vya sukari, na ilisemekana Mmalta yule husikia chuma kikipasuka kabla chuma chenyewe hakijajua. Waliojifunza kazi kwake aliwaimbia wimbo uleule: "Keki huonjwa ikitoka kwenye oveni. Ukilamba unga, umeonja nini, we mjinga?"

Maana chuma kinene kikishachomelewa hupikwa tanurini, polepole, mpaka kilegee; na katika kulegea huko mshono uliokuwa mzima unaweza kupasuka kimyakimya, bila hodi. Ndiyo sababu kipimo kinachohesabika ni kile cha baada ya tanuri.

Jumanne Reno alipima pipa la mvuke kabla halijapikwa. Safi. Jumatano likaingia tanurini. Alhamisi alitakiwa angoje litoke, lipoe, apime tena. Badala yake Alhamisi alikaa ndani ya gari lake nje ya karakana, pai ya nyama imempolea mkononi, akiangalia usukani kana kwamba una taarifa ya habari. Tangu amzike mkewe Connie mwezi wa pili, mambo yalikuwa hivyo: anayaona, hayamfikii. Pai haikuwa na ladha. Hata ule uchungu ambao majirani walimwahidi haukufika. Labda ulikosea nyumba. Akatoa fomu ya kipimo cha baada ya tanuri, akanakili namba za Jumanne, akaandika "Alhamisi, saa nane mchana", akagonga muhuri, akaenda zake kulala.

Ijumaa asubuhi lori lilikuwa mlangoni. Ilibaki wiki moja tu msimu wa kusaga miwa uanze, na chini ya pipa hilo, likishajaa mvuke kiwandani, watu sita watakuwa wakipokezana zamu. Reno aliwajua wote sita. Alijaribu kuwafikiria. Yakaja majina tu, kama orodha ya dukani.

"Mzee Reno, toa baraka tupakie," alisema Brooke, msimamizi. "Dereva ameshakunywa chai yetu yote, anaanza kuitamani na sukari."

Reno akampa fomu. Akaisubiri aibu, nayo haikuja.

Hapo akatokea Dulcie Santo, mwangalizi wa tanuri, ambaye karakana nzima, wazee kwa wadogo, humwita Anti. Ana vumbi jeusi mpaka kwenye nyusi, burashi ya waya mkononi.

"Reno! Mshono nimekusugulia, unang'aa kama kipara chako. Njoo upime, nikapumzishe mgongo."

"Alishapima, Anti," Brooke akasema.

"Alishapima nini?"

"Pipa. Jana." Brooke akasoma fomu. "Saa nane mchana."

Dulcie akacheka, akidhani anataniwa. Akawatazama mmoja mmoja. Akaacha kucheka.

"Saa nane jana pipa liko ndani, mlango umefungwa, joto digrii mia tatu na arobaini. Nimekaa nalo mwenyewe, naandika kila nusu saa."

"Labda nimekosea saa," Reno alisema. Sauti ilikuwa yake, lakini aliisikia kama inatoka redioni kwa jirani. "Ilikuwa jioni."

"Jioni ipi, baba? Limetoka leo alfajiri. Winchi nimeivuta mimi."

Dereva akazima injini. Brooke aliikunja fomu mara mbili, akaikunjua, wala hakujua aiweke wapi.

"Haya," Dulcie akasema, taratibu sasa, bila mzaha. "Nyoosha mkono, Reno. Nionyeshe ulikoungua."

Naye, kwa kuwa ameambiwa anyooshe, akanyoosha. Brooke na Dulcie wakautazama, naye pamoja nao. Haukuwa na hata alama.