Kitasa Kinachobisha kwa Ndani

Kitasa cha kwanza kilibisha hodi jioni, jua likizama, fundi wa picha akiwa anachovya mkate kwenye chai. Kilikuwa kimefungwa kwa skrubu kwenye kipande cha ubao juu ya meza ya majaribio, hakina mlango wala ukuta, na nyuma ya ubao kulikuwa na kikombe cha fundi na mkasi. Kilibisha taratibu, kama mtu asiyetaka kuamsha watoto.

"Karibu!" akaitikia Mama Lehemu bila kuinua kichwa. Alikuwa anaunganisha nyaya kwenye meza ya pili, na moshi wa lehemu ulikuwa unampanda puani.

Kitasa kikabisha tena.

"Si wa kuingia," alisema fundi wa picha. "Anabisha kwa ndani."

"Basi mfungulie atoke. Usimfunge mtu kwa sababu ya chai."

Fundi akabonyeza kitufe na ulimi wa kitasa ukarudi ndani. Hakuonekana mtu, lakini kikombe kilisogea kidogo kumpisha, na meza ikabaki na unyevu kama iliyotoka kufutwa, pamoja na harufu ya sabuni ya unga. Fundi akamaliza mkate wake, kisha akaokota makombo yote, moja moja. Harufu hiyo aliijua.

Kiwanda chao kilikuwa kidogo, cha vitasa vya umeme, vile vya kufunguliwa kwa namba. Ndani ya kila kitasa kuna chipu ya kumbukumbu, ndogo kama ukucha wa mtoto. Chipu ikija huwa tupu, haijui hata kwamba itakuwa kitasa. Kazi ya fundi ilikuwa kuifundisha yote kwa mkupuo mmoja. Alikusanya programu, namba ya siri ya kuanzia, saa na mlio wa vitufe, akavipanga ndani ya faili moja kubwa ambalo pale kazini waliliita picha, ingawa halina sura. Kisha picha ile ilimiminwa kwenye chipu moja baada ya nyingine.

Chipu za namna hiyo zina tabia zake. Kila moja ina vijumba vya kuhifadhia maneno, na huzaliwa na vibovu hapa na pale, kama meno, na picha lazima ijue kuviruka. Tena haziwezi kufuta neno moja. Ukitaka neno lifutike kweli, ufute kijumba kizima na vyote vilivyomo. La sivyo chipu huandika tu mahali pengine kwamba neno lile limeondoka, na lenyewe linabaki palepale, chini. Kwa hiyo fundi alikuwa na mwiko mmoja: picha hujengwa upya kwa faili safi, hainakiliwi kutoka kwenye kitasa kilichowahi kukaa mlangoni. Kitasa kilichokaa mlangoni kina mambo yake, na mtoto hana haja ya kuzaliwa na makovu ya mamaye.

Mwiko huo alikuwa ameuvunja kwa amri, siku chache kabla ya hodi ile ya kwanza. Meneja alimletea kitasa ndani ya mfuko wa mkate, akamwambia anakili hicho hicho, chote, kama kilivyo.

"Kimetoka wapi, bosi?"

"Mlangoni."

"Mlango upi?"

"Mlango ni mlango, binti. Hiki kimekaa kwenye joto sikukuu nzima na hakikufunguka. Nataka vyote viwe hivi."

Neno "hakikufunguka" alilitamka kama mtu anayesifu, halafu akafuta midomo kwa leso. Fundi alikipokea kitasa akakigeuza. Kwenye mifereji ya skrubu kulikuwa na rangi ya kijani. Katika jengo lile mlango mmoja tu uliwahi kuwa wa kijani, nao ni wa chumba cha joto, ambamo vitasa huokwa ili kuona kama vitavumilia jua. Sasa mlango huo ulikuwa wa kijivu. Ulipakwa rangi mara tu baada ya sikukuu. Na shangazi yake fundi alipotea jioni ya kuamkia sikukuu.

Shangazi alikuwa mfanya usafi wa kiwanda. Ndiye aliyempatia fundi kazi, na ndiye aliyemgombeza kila siku kwa makombo ya mkate mezani. Jioni ile hakurudi nyumbani. Watu waliporudi kazini, meneja aliwakusanya akasema boksi la chipu halionekani, mfanya usafi naye haonekani, kila mtu ajumlishe mwenyewe. Watu wakajumlisha. Polisi walikwenda nyumbani kwa baba yake fundi, mdogo wake shangazi, wakageuza magodoro na kumwaga unga chini, wakaondoka mikono mitupu. Tangu hapo majirani walimsalimia baba huku wakitazama mifuko yake. Naye alikuwa na swali moja ambalo hakulisema mbele ya watu, alimwambia binti yake tu: dada yangu ni mwizi, au ni marehemu? Hakujua lipi aliombee.

Fundi alikinakili kitasa, picha ikamiminwa, vitasa vikauzwa. Simu zikaanza kuingia.

"Ndiyo, ni kiwandani hapa," alisema dada wa simu, huku akijipaka rangi kucha. "Anabisha? Jioni, eeh. Mfungulieni tu, mama, hana neno... Amepiga deki? Hata chini ya kochi? Sasa mama, hapo unalalamika au unashukuru?"

Katika kila nyumba ilikuwa hivyo hivyo. Jua likizama, kitasa kilibisha kwa ndani, hata kama chumbani hamkuwa na mtu. Ukifungua, ndara zilisikika zikikokota kuelekea nje, na sakafu ilibaki imepigwa deki mpaka pembeni. Mteja mmoja alilalamika kwamba viatu vyake vilipangwa upya. Mzee mmoja mstaafu alirudisha kitasa chake kwa hasira kwa kuwa hakibishi, kumbe betri ilikuwa imekwisha. Ambao hawakufungua walisikiliza tu. Kubisha kuliendelea, kukapungua, kikafuata kikohozi cha mtu mwenye kiu, halafu kimya. Kesho yake jioni kitasa kilianza upya. Baada ya muda mfupi watu wengi walijifunza kufungua mapema.

Chumba cha joto nacho kilikuwa kimewekewa kitasa kipya cha picha ile ile, na kilibisha kuliko vyote. Hicho meneja alikataza kisifunguliwe. "Mna bidhaa humo," alisema. Wafanyakazi walizoea kufunga mikoba yao huku hodi ikipigwa nyuma ya mlango wa kijivu, wakaagana kwa sauti ya juu kidogo kuliko zamani.

Fundi alianza kumtazama kila mtu. Alimtazama mlinzi, ambaye siku hizi alikuwa na viatu vipya. Alimtazama mtunza stoo, ambaye alipiga miluzi kila alipopita pale mlangoni. Mwishowe macho yake yakatua kwa Mama Lehemu, aliyekuwa ameacha kuitikia.

"Mama Lehemu, mbona siku hizi ukipigiwa hodi hujibu?"

"Koo."

"Koo la umbea lipo, la kusema karibu ndilo limeharibika?"

Mama Lehemu aliweka chuma chake cha moto kwenye kishikizo. Alikipangusa kwanza.

"Jioni ile ya kuamkia sikukuu mimi ndiye niliyebaki mwisho," alisema. "Nikasikia hodi. Nikasema karibu. Hodi tena. Nikasema, karibu, we nani, mlango uko wazi! Na ulikuwa wazi kweli, huu wetu wa mbele. Nikangoja, haingii mtu. Nikasema ni watoto wa mtaani hawa wananichezea. Nikabeba mkoba wangu."

"Hukufikiria chumba cha joto?"

"Nani anabisha hodi ili atoke, mwanangu? Tangu nizaliwe hodi ni ya kuingia."

Fundi alirudi kwenye meza yake. Mama Lehemu aliwasha tena chuma chake, akaendelea na nyaya.

Jioni meneja alipowahi kuondoka, walikwenda wote wawili kwenye mlango wa kijivu. Hodi ilikuwa imeshaanza. Kila kitasa huuzwa na namba ya siri ya kuanzia, na mwenye nyumba huambiwa aibadilishe siku hiyo hiyo. Meneja, aliyeandika maelezo hayo kwa mkono wake, hakuwa ameibadilisha. Fundi alibonyeza namba na mlango ukafunguka. Ndara zikapita katikati yao, polepole, na Mama Lehemu akajibana ukutani.

"Nisamehe, shoga," alisema. Ndara hazikusimama.

Ndani ya chumba kulikuwa na rafu za chuma, kipimajoto, na ndoo ya shangazi ambayo tambara lake la deki lilikuwa limekauka likawa gumu kama ubao. Nyuma ya rafu ya mwisho, pale kitu kinapoanguka kikasahauliwa, kulikuwa na boksi la chipu. Utepe wake haukuwa umekatwa. Fundi alipogeuka kutoka, akauona mlango kwa upande wa ndani. Nje walikuwa wamepaka kijivu. Ndani hawakupaka. Ulikuwa bado wa kijani, isipokuwa pale panapofikia mkono wa mwanamke mfupi. Pale rangi ilikuwa imelika mpaka bati likaonekana.

Asubuhi fundi aliliweka boksi juu ya meza ya meneja. Meneja alilitazama, akaligonga kwa kidole, akalitazama tena.

"Ahaa," alisema. "Kumbe amerudisha."

"Halikuwahi kutoka, bosi. Tazama utepe."

"Ndiyo nasema amerudisha, tena kwa ustaarabu. Wezi wengine wana roho nzuri."

"Shangazi yangu mlimpeleka wapi?"

"Nani?" aliuliza meneja, na uso wake ulikuwa wa mtu anayetaka kweli kusaidia.

Siku hiyo hiyo fundi wa rangi aliitwa, akapaka kijivu upande wa ndani. Kituoni polisi wa zamu alimsikiliza fundi wa picha mpaka mwisho, akamweleza kwamba wizi ni wizi tangu mtu anapochukua, na kurudisha ni jambo la pili, haliondoi la kwanza. Kuhusu mlango alisema mlango hauwezi kuandikisha maelezo. Alipomsindikiza nje alishusha sauti.

"Kwani ninyi ndio wa vile vitasa? Vizuri sana. Mke wangu ameshasahau deki."

Fundi alikuwa ameshajenga picha nyingine. Aliijenga kwa faili safi, inayoviruka vijumba vibovu vizuri, isiyo na makovu ya mlango wowote. Alikijaribu kitasa chake jioni kwenye ubao, na jua lilizama kikiwa kimya kama kijiko. Alimpelekea meneja. Meneja alifurahi, akawa mwepesi siku nzima, akaenda hata kuwatania watu kwenye meza zao. Lakini watu wa mauzo walikuja na habari kwamba wateja wanaulizia kile kinachobisha, kisichobisha hawakitaki, na hoteli moja inahitaji kimoja kwa kila chumba. Meneja alikaa ofisini peke yake mpaka chai ikapoa. Alipotoka alisema waendelee na picha ya zamani.

Fundi angeweza kuzibadilisha kimyakimya. Picha hazina sura, na pale kiwandani hakuna mwingine ambaye angejua mpaka jioni. Alikwenda kumuuliza baba yake, aliyekuwa amekaa uani akishona kamba ya kiatu.

"Hiyo safi ukiiweka, atapumzika?" aliuliza baba.

"Atanyamaza. Kupumzika sijui."

Baba alivuta uzi, akaukata kwa meno.

"Akinyamaza yatabaki maneno yao peke yao," alisema. "Acha abishe."

Kwa hiyo kila asubuhi, akishakunywa chai na kuokota makombo, fundi aliimimina picha ya zamani kwenye chipu mpya, boksi baada ya boksi, na shangazi akaenda kufanya kazi kwenye nyumba za watu ambao hakuwahi kuwaona, na hotelini, na nyumbani kwa polisi wa zamu. Penye mlango wa kijivu ndipo pekee ambapo hakufunguliwa. Namba ya siri ilikuwa imebadilishwa.

Kitasa kimoja kilichochubuka kidogo, ambacho kisingeuzwa, fundi alikichukua akakifunga kwenye mlango wa chumba alichokuwa akilala shangazi. Jioni ya kwanza baba alikaa kwenye kiti akiutazama mlango tangu jua likiwa bado juu. Hodi ilipopigwa alisimama haraka, kama kijana, akafungua. Hakusema karibu.

"Pita, dada," alisema. "Pole na kazi."

Ndara zikapita. Baba akarudi kwenye kiti, akainua miguu yote miwili ili papigwe deki chini yake, akakaa hivyo, magoti kifuani, mpaka sakafu ilipokauka.

Asubuhi alitoka kwenda dukani. Jirani alimwona akija, akamwamkia vizuri, akamuuliza habari za nyumbani, na huku akiuliza alikuwa anaanua nguo zake kambani, zingali mbichi.