Msailiwa wa Kumi na Saba

Nyanzala hakusomea kriminolojia kwa kupenda vitabu. Aliisomea kwa ajili ya mtu mmoja, Optatus, aliyepanda kizimba cha mashahidi pale Mpanda, Nyanzala akiwa darasa la sita, akaapa kwa Biblia kwamba alimwona baba wa binti huyo, mzee Manyanda, akiswaga ng'ombe wa wizi huku bunduki ikiwa begani. Mzee alihukumiwa miaka thelathini. Alitumikia kumi na mmoja, kifua kikuu kikamuua gerezani.

Digrii ya kwanza aliichukua Dar, ya pili huko huko. Wenzake walipomuuliza binti wa Kisukuma ana nini na mambo ya wahalifu, alijibu, "Nataka kufundisha chuo." Ilikuwa kweli, ila kweli nusu.

Kwa shahada ya uzamivu alichagua kuchunguza mashahidi wanaodai kuona kwa macho. Akakusanya majalada ya kesi za zamani, na la baba yake akalichomeka katikati. Msimamizi wake, Dokta Getrude, hakuambiwa.

Nyanzala alimkuta Optatus nje kidogo ya Inyonga, sasa mwenyekiti wa kijiji, anapanga tumbaku kwenye bani, banda la kuikaushia.

"Shikamoo mzee. Naitwa Happiness, natoka chuo kikuu." Lilikuwa jina lake la ubatizo.

"Marahaba mwanangu. Karibu kiti."

Akamsomea fomu ya ridhaa: jina lake halitatajwa, atakuwa namba kumi na saba tu. Mzee akatia sahihi, akaagiza uji. Kinasa sauti kikawashwa mezani, mbele ya macho yake. Saa nzima mzee alizungushazungusha maneno. Kisha, kama mtu anayetua mzigo, akacheka kidogo.

"Mwanangu, mi sikuona kitu. Siku ile nilikuwa Ikola, kwa mwanamke mmoja, Pudensiana. Wiki nzima."

"Sasa kwa nini ulisema umeona?"

"Shamba la yule Msukuma lilipakana na langu. Nyie wasomi mnajua ardhi ilivyo."

Nyanzala akaumaliza uji wake wote, akashukuru, akaaga. Kwenye bodaboda ya kurudi mjini alikipakata kinasa sauti.

Alimpigia Dokta Getrude, akamweleza yote, na la baba pia.

"Ukimtaja, umekwisha," alisema Getrude. "Hakuna chuo kitakachokupa hata kipindi kimoja. Ulimwahidi."

"Na yeye aliapa, Dokta."

"Ndiyo maana wewe usiwe kama yeye."

Asubuhi yake Nyanzala aliipeleka sauti polisi. Pudensiana akapatikana Ikola, mzee sasa, bado anaanika dagaa. Akasema ndiyo, wiki ile Optatus alikuwa kwake. Anaikumbuka kwa sababu ndiyo wiki aliyomzika mama yake. Kesi ya ushahidi wa uongo ikachukua miaka miwili. Chuo hakikuchukua hata miezi miwili: kilimfutia usajili.

Kila kesi ilipotajwa Nyanzala alikaa benchi la mbele ili Optatus asipate pengine pa kutazama. Siku alipohukumiwa miaka minne, mzee alimgeukia akiwa na pingu.

"Si ulisema ile karatasi inanilinda?"

"Nilisema," Nyanzala akajibu. "Jina langu ni Nyanzala Manyanda."

Mzee akalitambua lile jina, uso ukamwanguka. Nyanzala alimtazama mpaka gari la magereza lilipoondoka, na utamu wa ile sura ulimkaa kifuani siku nyingi.

Sasa anafundisha uraia katika sekondari moja ya Mpanda. Siku moja alikutana sokoni na Lucia, mama aliyekuwa kwenye orodha yake ya wasailiwa, mwenye mwana anayetumikia kifungo kirefu.

"Aliyetoa ushahidi wa kumfunga mwanangu alikuwa tayari kusema ukweli," Lucia alimwambia. "Aliposikia ya Optatus, akafunga mdomo. Hasemi tena na mtu wa chuo yeyote."

Usiku ule Nyanzala hakulala, akimfikiria yule kijana gerezani. Lakini dada yake alipomuuliza kama angeweza kurudi nyuma angefanya nini, hakusita.

"Ningeenda polisi siku ile ile," alisema. "Nisingengoja asubuhi."